Baka Lisilouma

Jumatatu, 12 Juni

Sketi tisa za shule zimekamilika, zimebaki sita. Marinda yote nimeyapiga pasi. Mchana nikaanza mashati. Shati la tatu nikaona tone jekundu kwenye ukosi, nikadhani rangi ya kitambaa kingine. Likaja tone la pili. Nikainua mkono wa kushoto, haukuinuka. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita kwenye kidole kidogo na kutokea chini.

Sikusikia kitu. Nilizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, sindano ikapanda, nikafunga kidole kwa kipande cha khanga. Shati nikaliloweka kwenye maji ya chumvi.

Sadiki sijamwambia. Mume wangu atasema niache kazi, kisha hatasema tule nini.

Mwaka wa nne huu. Lilianza baka moja juu ya kiwiko, wekundu uliopauka, kama kifuniko cha soda. Duka la dawa wakasema choa. Zahanati wakasema aleji ya sabuni, safari nyingine fangasi, safari nyingine pumu ya ngozi. Krimu, vidonge, sabuni ya salfa, krimu tena. Sasa mabaka ni saba, na mawili yako mgongoni, siyaoni mpaka nishike vioo viwili. Hayawashi. Hayaumi. Kila mtu ananiambia nishukuru kwamba hayaumi.

Jumatano, 14 Juni

Nyusi zinapungua. Nimezichora kwa wanja.

Najua nani alinifanyia hivi. Niliandika humu mwaka juzi, naandika tena ili nisijisahaulishe. Faida, mke mwenzangu. Alikuja kwenye nyumba hii binti wa miaka ishirini na mbili, mama yake ni wa ng'ambo ya ziwa, wanakaa Katonga wanaanika dagaa. Mimi na Sadiki tulikuwa na miaka kumi na moja bila mtoto. Yeye mwaka haukuisha akapata Sauda.

Mganga aliniambia dawa iliwekwa kwenye sabuni ya kuogea, na aliyeiweka analala chini ya paa langu. Akanichanja juu ya baka kwa wembe. Damu ikatoka, sikuumia hata kidogo. Akasema, unaona? Uchawi mzito, umeua nyama.

Nikaenda nyumbani kwa mama mkwe, kule Rusimbi, nikasema mbele ya watu. Mama mkwe, mashemeji, majirani wawili, shehe wa mtaa. Faida alilia, akaapa. Hakuna aliyemsikiliza. Sadiki akatoa talaka wiki ile ile. Faida akaondoka na Sauda, wakati huo ana miaka minne.

Ameondoka miaka miwili. Mabaka yanaongezeka.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeungua. Nilikuwa napiga pasi ukanda wa sketi, mkono wa kushoto umeshika kitambaa, macho dirishani. Pasi ya mkaa imejaa moto. Sadiki alikuwa uani anafungua mashine ya boti ya mtu. Yeye ndiye aliyesikia harufu. Aliingia akadhani nimeunguza sketi. Ni mkono.

Ngozi imetoka pale chini ya kidole kidogo. Nilikuwa naitazama kama mkono wa mtu mwingine.

Sadiki akasema Jumatatu niende hospitali. Nikamwambia nimechoka na hospitali. Akasema mtu asiyesikia moto hana haki ya kuchoka.

Naogopa.

Jumatatu, 19 Juni

Kituo cha afya. Nilikwenda kufungwa kidonda tu. Aliyekuwepo ni tabibu mgeni, binti wa Kasulu, Kiha kinamtoka kwenye kila neno. Hakufunga kidonda kwanza. Aliuliza kilivyotokea. Nikamwambia. Akauliza mara ya pili, polepole, kama nililia au sikulia.

Akanitaka nifunge macho. Akasema, "Nikikugusa, mama, nionyeshe kwa kidole nilipogusa."

Nikafunga. Nikangoja. Nikasikia mguso shingoni, nikaonyesha. Nikasikia mguso kwenye mkono wa kulia, nikaonyesha. Baadaye kimya. Nikadhani ametoka nje. Nilipofumbua macho alikuwa bado yuko mbele yangu na kijiuzi cha pamba, na pamba iko juu ya baka langu. Alikuwa ananigusa muda wote.

Akapapasa viwiko vyangu nyuma, pale panapopiga shoti ukijigonga. Cha kushoto alikishika mara tatu. Akatazama masikio. Akatazama nyusi, wanja ukamchafua kidole. Hakusema jina la ugonjwa. Aliandika barua, akanikunjia, akasema niipeleke hospitali kubwa Alhamisi, siku ya kliniki, na nisikose.

Miaka minne. Hakuna aliyewahi kunifumbisha macho.

Alhamisi, 22 Juni

Ukoma.

Mratibu wa kliniki ni mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi. Alirudia yote aliyofanya yule binti, akanikata kidogo kwenye ndewe za masikio kuchukua kipimo, lakini akasema hangoji majibu ndipo aanze dawa. Alilisema jina hivi hivi, kama anayetaja malaria.

"Mama, huu ni ukoma. Unatibika kabisa. Ungekuja mapema mkono nao ungepona."

Nikamwambia nilikuja mapema. Nilikuja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani. Akasema pole. Hakujitetea, wala hakuwatetea wenzake.

Dawa mwaka mzima. Za kwanza nimemeza mbele yake. Kila siku ishirini na nane nirudi kumeza mbele yake tena. Na vidonge vingine vya mishipa ya fahamu, kila wiki mbili anipime. Akasema ganzi ya miezi michache huweza kuisha. Ya miaka miwili nisitegemee iishe. Vidole viwili vya kushoto vimeshaanza kukunjika, nilikuwa najiambia ni baridi.

Akasema nikishaanza dawa simwambukizi mtu. Lakini waliolala nami nyumba moja kwa muda mrefu kabla ya hapo lazima wapimwe. Akafungua daftari, akauliza ni nani.

Nikasema mimi na mume wangu.

Akauliza, hakuna mwingine? Nikasema hakuna.

Ijumaa, 23 Juni

Mkojo mwekundu kwa dawa. Mratibu alinionya, nikashtuka hata hivyo.

Faida hakufanya kitu.

Nimekaa na sentensi hiyo asubuhi nzima. Cherehani sijaigusa. Mganga alinichanja juu ya baka, sikuumia. Kipimo kilikuwa mkononi mwake, chenyewe hasa, wembe ule, na akakisoma uchawi. Na mimi nikakisoma uchawi kwa sababu nilikuwa nataka. Huo ndio ukweli. Nilimtaka aondoke tangu siku tumbo lake lilipoonekana. Mganga alinipa mlango, nikapita.

Jumapili, 25 Juni

Nimemwambia Sadiki baada ya chai. Nilimsomea kile kikaratasi cha kliniki. Alikaa ameshika kikombe. Nilitegemea aulizie mkono wangu, au aulizie mwili wake mwenyewe.

Akasema, "Kwa hiyo Faida nilimwacha bure."

Nikasema ndiyo.

Akatoka. Kikombe amekiacha mlangoni. Nimekiosha mimi.

Alhamisi, 29 Juni

Idi. Safari hii sikupeleka sahani kwa jirani yeyote. Nilipika pilau kidogo, nikala.

Sadiki aliswali, akapitia Katonga kumpelekea Sauda gauni. Gauni nililishona mimi kabla, maua ya njano, nilikadiria urefu kwa macho kwa sababu sijamwona mtoto miaka miwili. Nilidhani atanieleza kama limemkaa. Alirudi alasiri, akavua kofia, akasema mtoto amekua. Kisha akasema, macho ukutani, kwamba Sauda ana choa shavuni. Mama yake anampaka majani.

Tukatazamana.

Akachukua kofia akatoka tena.

Ijumaa, 30 Juni

Sauda alikuwa analala na mimi.

Faida alikuwa anaondoka alfajiri kwenda mwaloni, boti za wavuvi zinaposhusha, kupokea dagaa. Mtoto akilia usiku wa manane anabebwa analetwa kwangu. Baadaye hakuletwa tena, alikuja mwenyewe na mto wake. Miaka mitatu. Mgongo wake kwenye tumbo langu. Mama yake nilikuwa simpendi, yeye nilimpenda. Alikuwa ananiita Mama Mkubwa.

Alhamisi, 6 Julai

Kliniki, kupimwa mishipa. Mratibu alinifinyisha karatasi kati ya vidole, akaivuta, ikatoka bila kazi. Sadiki alikuja kupimwa, ni mzima, wamempa dozi moja ya kinga. Alitoka upesi bila kumsubiri mtu.

Mratibu akafungua daftari. Akauliza tena kama kuna mwingine aliyewahi kuishi nasi, hata kama amehama. Watu husahau, akasema.

Nikasema hakuna.

Sikusahau.

Jumapili, 9 Julai

Nikimtaja Sauda, lazima mama yake aambiwe. Mama yake akiambiwa, lazima ajue ni mimi. Nitakuwa nimemfukuza kwa uchawi ambao haukuwepo, na nimempa mtoto wake ugonjwa ambao upo. Sina mdomo wa kuyasema hayo mawili.

Najiambia huenda ni choa kweli. Watoto wanapata choa.

Hivyo ndivyo walivyoniambia mimi.

Jumatatu, 17 Julai

Si siku yangu ya kliniki. Nimekwenda. Nilimkuta mratibu anakula mhogo mezani, nikasimama mlangoni nikasema yupo mtoto. Nikasema yote. Talaka, Katonga, kulala pamoja, shavu.

Aliacha kula. Akauliza nimejua lini. Nikasema siku ya Idi. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. Nilitaka anikaripie, hakunikaripia. Akasema kesho atatuma mtu Katonga. Nikamwomba niende mimi kwanza. Akaniangalia, akasema niende, lakini Alhamisi mtoto awe hapa, la sivyo anakuja mwenyewe.

Jumanne, 18 Julai

Katonga.

Mwezi ulikuwa mchanga, usiku una giza la kuvulia dagaa, boti zimeshusha vizuri, mwalo wote umeanikwa. Faida alikuwa kwenye chanja la tatu, anageuza dagaa kwa viganja viwili. Amekonda. Kuna kitu kimekauka usoni mwake ambacho zamani hakikuwepo. Mama yake aliponiona alichukua ndoo akaenda majini.

Sikusalimia kwa urefu. Niliogopa nikisalimia nitarudi. Nikamwambia ugonjwa wangu na jina lake. Nikamwambia sabuni haikuwa na kitu, hakufanya lolote, nilimzulia. Nikamwambia shavu la Sauda si choa, nadhani, na limetoka kwangu. Alhamisi kliniki. Dawa ni bure. Akianza sasa anapona, hata alama huenda isibaki.

Hakuacha kugeuza dagaa. Nilipomaliza akauliza mtoto atapona kweli, nikasema ndiyo. Akauliza nimejua lini kuhusu shavu.

Nikasema siku kumi na tisa.

Hapo mikono ikasimama. Zamani alikuwa ananiita dada, leo ameniita kwa jina. Akasema, "Mwamini. Kuniita mchawi, hilo nilishalimeza. Siku kumi na tisa za mwanangu sizimezi."

Wanawake wa chanja la jirani walikuwa wameacha kazi wanasikiliza.

Akaanza kugeuza tena. Nilipogeuka kuondoka akasema jambo moja zaidi, sauti ya chini. Walioambiwa yeye ni mchawi ni watu, wana majina, wapo Rusimbi. Wakaambiwe na yule yule aliyewaambia.

Alhamisi, 20 Julai

Walikuja. Nilikuwa nimetangulia, nikakaa mwisho wa benchi. Faida akakaa mwisho mwingine.

Sauda alinipa shikamoo, kama mtu anayempa mama yeyote wa barabarani. Hanijui. Gauni alilovaa si lile langu.

Mlango ulikuwa wazi, nikaona. Mratibu alimwambia wacheze mchezo, afumbe macho. Alimgusa pua, akacheka. Akamgusa kidevu, akacheka. Akamgusa shavu la kushoto. Mtoto akabaki ametulia, anangoja aguswe.

Faida aliliona. Alifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Baka moja tu. Mishipa mizima. Miezi sita ya dawa. Faida mwenyewe ni mzima. Mratibu aliniambia haya baadaye, hakutakiwa kuniambia, nadhani alinihurumia. Sistahili.

Jumapili, 23 Julai

Sadiki alikwenda Katonga kuomba wafunge ndoa upya. Faida hakumfungulia hata mlango, alimjibu kupitia kwa mama yake. Mume aliyeniuza kwa neno la mganga ataniuza tena, ndivyo alivyojibu.

Amerudi, amekusanya nguo na sanduku la spana. Anahamia kwa kaka yake. Ameniambia si kwa sababu ya ugonjwa. Nadhani ni kweli. Hawezi kunitazama, na hawezi kujitazama akiwa karibu nami.

Simlaumu, namlaumu. Yeye naye alijua siku ya Idi.

Ijumaa, 28 Julai

Keshokutwa naenda Rusimbi. Nimemwomba mama mkwe awaite wale wale. Aliuliza kuna nini, nikasema atasikia.

Nimejaribu kutafuta namna ya kumsafisha Faida bila kutaja ukoma. Nikisema tu nilikosea, watasema amenirudia kwa dawa nyingine, amenifunga mdomo. Wataamini kitu kimoja tu, ugonjwa wenye jina. Na nikilitaja jina, mimi ndiye nitakayekaa nalo mtaani.

Bibi mmoja wa mtaa huu, nilipokuwa mdogo, aliwekewa chakula kwenye kibao kirefu, asisogelewe. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu vidole vyake. Nilihesabu na mimi.

Jumapili, 30 Julai

Nimesema.

Walikuwepo wote isipokuwa jirani mmoja aliyefariki mwaka jana. Shehe alifungua kwa dua. Nilisimama, nikakunja mkono wa gauni, nikawaonyesha baka na vidole. Nikasema mwaka juzi nilisimama hapa nikasema Faida ameniroga. Nikasema ni uongo, mwingine wa mganga na mwingine wangu. Nikasema nina ukoma, nanywa dawa, siambukizi tena. Nikasema mtoto wa Faida ameupata kwangu, si mimi kwake. Nikaomba kila aliyelibeba neno lile alirudishe alikolipeleka.

Shemeji mdogo alivuta mkeka kidogo nyuma. Nilimwona.

Mama mkwe akaagiza mtu akamwambie Faida kwamba yeye mwenyewe, mguu wake, atakwenda Katonga kuomba radhi. Hilo ndilo nililolifuata. Mimi hakunitazama. Chai ilipoletwa, kikombe changu kilikuwa cha plastiki, vya wengine udongo.

Nilikunywa.

Jumatano, 9 Agosti

Wateja wanne wamechukua vitambaa ambavyo havijashonwa. Watatu walituma watu. Wa nne alikuja mwenyewe, akasema amepata safari. Nikamkunjia vizuri.

Mama wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara ameleta mapazia, kama kawaida. Sijui hajasikia au amesikia. Sikuuliza.

Ngozi inakuwa nyeusi kwa dawa. Mabaka yanabaki nyuma, yanapauka.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimejifunza kushona upya. Macho kwenye vidole, si kwenye mstari. Mkono wa kushoto nimeuvika glovu nene ya kushikia sufuria ninapopiga pasi. Kila asubuhi naloweka miguu na mikono, napaka mafuta, nakagua kama nakagua nguo ya mteja. Leo nimekuta lengelenge kwenye unyayo. Sijui nimekanyaga nini wala lini.

Vidole viwili havitanyooka. Mratibu amesema hivyo waziwazi, baada ya mimi kumbana.

Nililia kidogo. Kisha mapazia.

Alhamisi, 14 Septemba

Kliniki. Siku zetu zinaangukia pamoja, za Sauda na zangu, kila siku ishirini na nane. Mwezi uliopita Faida alikaa nje juani mpaka nilipomaliza.

Leo nje kuna upepo wa vumbi. Wakakaa ndani. Mimi mwisho wa benchi, wao mwisho mwingine.

Shavu la mtoto limekaribia rangi yake. Alipewa vidonge vya kumeza mbele ya mratibu, akameza cha kwanza, cha pili akakitema kwenye kiganja. Faida akampa maji. Akakitema tena. Machozi. Mratibu akasema wapumzike kidogo, akamwita mtu mwingine.

Faida alikaa na kile kidonge kwenye kiganja, kinaanza kulainika. Hakugeuza kichwa. Akasema, "Wewe unamezaje?"

Nilichelewa kujua kwamba anasema na mimi.

Nikamwambia na ndizi mbivu. Unakizamisha katikati, humezi kidonge, unameza ndizi. Nilikuwa na moja kwenye mfuko, kwa ajili ya zangu. Nikaiweka kwenye benchi katikati yetu, nikarudisha mkono.

Aliitazama. Akaichukua, akaimenya, akakizamisha kidonge. Sauda akala.

Wakaondoka bila kuaga. Nikaita muuguzi aniongezee maji, nikameza zangu.